Maswali na Majibu: Ufundi wa Kumbana Mpinzani Katika Briji

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Sisi ni watu wanne tunaocheza briji barazani hapa Mkomani, Lamu, baada ya sala ya isha. Juzi mwenzangu nami tuliahidi kula mizunguko 12 bila turufu. Nilikuwa na 11 ya hakika, na mmoja nilikuwa nimekwisha kuupoteza. Mwishoni, mpinzani aliye kushoto kwangu alitupa malkia wa shupaza, nikaila mizunguko yote iliyobaki. Anashikilia kuwa ilikuwa bahati tu. Je, ni kweli?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu msomaji. Kwa karata ulizotuandikia, haikuwa bahati, na ni haki kukupa ushahidi. Zilibaki karata tatu kwa kila mmoja. Mezani, kwenye karata za mwenzako zilizolazwa wazi, kulikuwa na ree ya shupaza, ghulamu wa shupaza na mfalme wa kopa. Wewe ulishika ree ya pau, shupaza ya nne na kopa ya tatu. Mpinzani wa kushoto alishika mfalme na malkia wa shupaza pamoja na ree ya kopa.

Ulipocheza ree ya pau, yeye hakuwa na pau ya kufuatia, hivyo ilimbidi atupe moja ya karata hizo tatu, na kila moja ilikuwa mlinzi, yaani ilizuia karata ya mezani isile. Lau angetupa ree ya kopa, ungetupa ghulamu mezani, ukavuka kwa shupaza hadi kwenye ree, kisha ukamla kwa mfalme wa kopa. Kwa kuwa alitupa malkia, ulimtupa mfalme wa kopa, ree ya shupaza ikamwangusha mfalme wake, na ghulamu akabaki bila wa kumpinga. Hakuwa na karata ya kutupa bila hasara. Mwoneshe hivyo kwa karata zenyewe, naamini atakubali.

Lakini angalia zamu. Alilazimika kutupa kabla ya meza, nawe ukachagua la kutupa baada ya kumwona. Karata hizo tatu zingekuwa kwa mpinzani wa kulia, angesubiri meza itupe kwanza, kisha naye atupe aina ileile, na mbano, yaani kumlazimisha mpinzani atupe karata anayoihitaji, ungevunjika. Ukitaka kumbana yeyote kati yao, karata moja ya tishio, yaani itakayokula mpinzani akitupa mlinzi wake, tuseme mfalme wa kopa, iwe mkononi mwako pamoja na ree ya pau, na mezani pawe na karata isiyo na kazi ya kutupwa.

Ule mzunguko mmoja uliopoteza mapema ndio ninaoutilia mkazo, maana wengi huuona kuwa hasara ilhali ndio uliofanya mbano uwezekane. Kwa kawaida mpinzani hubanwa pale ambapo mizunguko yote iliyobaki ni yako isipokuwa mmoja. Akiwa na karata ya ziada, huitupa hiyo na kupumua. Kwa hiyo aliyeahidi 9 kati ya mizunguko 13 akiwa na 8 ya hakika hana budi kuwaachia wapinzani minne mapema, akichagua aina ambayo haitampotezea tishio wala njia ya kuvukia mezani. Wachezaji wetu wa wahedi wa sitini, ule mchezo wa karata wa turufu, waliozoea kukumbuka turufu zilizokwisha kutoka, wana mazoea mazuri ya kuanzia hesabu hii.

Liko pia pigo la Vienna, linalojulikana tangu zama za wisti, mchezo wa karata uliotangulia briji, katika karne ya 19. Ikiwa ree ya kopa iko mezani na malkia wake yuko mkononi mwako, nawe unashuku kwamba mfalme yuko kwa mpinzani wa kulia, cheza ree hiyo mapema. Utakuwa umempandisha mfalme wake cheo, lakini malkia wako atageuka tishio huru mkononi mwako, na mpinzani atalazimika kumlinda mfalme huyo hadi mwisho huku aina nyingine ikimdai ulinzi uleule.