Swali la lugha: Mungu “huuzulu” wafalme?

Msomaji anauliza: “Kanisani tulisoma Danieli 2:21, ‘huuzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme.’ Je, ni kosa la chapa? Mimi najua kujiuzulu tu. Na hao wafalme wanamilikishwa nini?”

Ndugu yangu, chapa haina kosa. Kitenzi chenyewe ni -uzulu, kutoka Kiarabu, na maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. Kujiuzulu kumezaliwa humo: ukiongeza -ji-, mtendaji na mtendwa wanakuwa mtu mmoja, kama ilivyo katika kujificha au kujinyima. Tumelisikia hilo la -ji- kwenye taarifa za habari miaka nenda miaka rudi, hata mzazi wake tukamsahau.

Kilichokutatiza zaidi, nadhani, ni hizo u mbili. Leo tungesema “huwauzulu wafalme”, kwa kuwa watu hudai kiambishi cha mtendwa. Watafsiri wa Union Version, yaani Biblia ya Kiswahili mliyoisoma, hawakukiweka hapo, ingawa wamekiweka katika “kuwamilikisha”, basi hu- ya mazoea ikagongana na u- ya mzizi. Na hiyo hu- naipenda sana. Danieli anamshukuru Mungu kwa kufunuliwa siri ya ndoto ya Nebukadreza, lakini hasemi Mungu “aliuzulu” mfalme fulani siku fulani. Anasema ndiyo kazi yake siku zote.

Kumilikisha nako kumehama. Siku hizi mtu humilikishwa kiwanja, akapewa na hati. Zamani kumiliki kulikuwa pia kutawala, kwa mzizi uleule uliotupa malkia, mamlaka na kutamalaki: “Bwana ametamalaki,” inasema Zaburi 93. Kwa hiyo kuwamilikisha wafalme ni kuwatawaza. Hawapewi mali, wanapewa enzi.

Sasa angalia sura ya 4 ya Danieli. Nebukadreza anatembea juu ya jumba lake Babeli, anajisifu kwamba ameujenga mji kwa nguvu zake. Neno lingali kinywani mwake, sauti inatoka mbinguni: ufalme umeondoka kwako. Anafukuzwa kati ya watu, anakula majani kama ng’ombe. Ukisema mtu huyo “alijiuzulu”, umeigeuza habari yote, maana hakuamua lolote. Aliuzuliwa.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia “wamemjiuzulisha waziri.” Ile -ji- inasema mtu kaamua mwenyewe, nawe unakusudia kusema kaondolewa na wengine. Sema “wamemuuzulu”, au “ameuzuliwa.” Akiandika barua kwa hiari yake, hapo amejiuzulu.

Jumapili ijayo ukipangiwa somo hilo, usiimeze u ya pili. Soma polepole: hu-u-zu-lu, mkazo kwenye zu.