Mlowezi, mhamiaji na ungamo la mkutanoni

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi Melbourne, Australia, na nimejiunga na kikundi cha mrengo wa kushoto kinachotetea haki za Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii. Kila mkutano huanza kwa kuwataja wenye asili ya ardhi tunayoikalia, kisha kila mmoja hueleza nafasi ya upendeleo aliyo nayo ndipo aruhusiwe kutoa hoja. Juma lililopita niliambiwa kwamba mimi pia ni mlowezi. Nilinyamaza, lakini neno hilo halijanitoka moyoni, kwa kuwa babu yangu aliondolewa kwenye shamba lake na serikali ya kikoloni ili lipewe mlowezi. Je, nimetendewa haki? (Msomaji, Melbourne)

JIBU: Ndugu yangu, uchungu wako unaeleweka, ila neno hilo tulipime kwa sheria kabla ya kulipima kwa moyo. Mhamiaji hufika kwenye nchi yenye utawala wake, akapiga foleni kuomba kibali, na kinaweza kukataliwa. Mlowezi huja na utawala wake, akauweka juu ya wale aliowakuta, kisha akaamua nani mwingine aingie. Waingereza walipoanzisha koloni lao mwaka 1788, sheria yao iliichukulia Australia kama nchi isiyo na mwenyewe, na Mahakama Kuu ya huko haikuikataa dhana hiyo hadi hukumu ya kesi ya Mabo, ya wenyeji waliodai ardhi yao, mwaka 1992.

Wewe ungeingia kwa mlango upi enzi hizo? Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ilimruhusu afisa wa bandarini kumsomea mgeni imla ya maneno hamsini katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoitaka afisa mwenyewe, na aliyeshindwa kuyaandika alirudishwa alikotoka. Jambo ambalo wenzako wa kushoto hawalipendi kulikumbuka ni kwamba vyama vya wafanyakazi na Chama cha Leba vilikuwa mstari wa mbele kuiunga mkono sheria hiyo, vikidai vinalinda ujira.

Kwa hiyo, kukuita mlowezi bila maelezo ni kulivuruga neno. Hata hivyo usijitoe kwenye hesabu. Kodi unayolipa kwa mwenye nyumba, uraia utakaoomba na mshahara unaokutunza vyote vimesimama juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuiuza. Hujafanya kosa, lakini una fungu katika matunda ya kosa, na mtu mwenye fungu huulizwa analitumiaje.

Hapo ndipo maungamo ya mkutanoni yanaponitia shaka. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho ajenda yenyewe iliguswa watu wakiwa tayari wanavaa makoti, kwa sababu muda ulikwisha tukisikiliza kila mmoja akijishtaki. Upendeleo umejengwa kwa hati za ardhi, kwa mahakama na kwa polisi, na kuukiri kwa mdomo hakumrudishii mtu hata hatua moja ya shamba. Anayeungama hutoka akiwa amepumua, na yule aliyeporwa, kama alikuwapo, huwa ametumika kama padri.

Liangalie jambo la Wave Hill, kaskazini mwa nchi hiyohiyo unayoishi. Agosti 1966 wachunga ng'ombe Wagurindji, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliondoka na familia zao kwenye ranchi ya kampuni ya Vestey ya Uingereza, ambako walilipwa kidogo mno kuliko Wazungu, na sehemu ya ujira wao ilikuwa unga, majani ya chai, sukari na nyama. Vyama vya wafanyakazi viliuona kuwa mgomo wa mshahara, vikachanga fedha, na kwa kweli vilikuwa na sababu ya kuuona hivyo, kwa kuwa mwezi Machi tume ya usuluhishi wa kazi ilikuwa imeamua mishahara ilingane, kisha ikauahirisha utekelezaji hadi Desemba 1968. Lakini mwaka 1967 Wagurindji walihamia Daguragu, wakapiga kambi, wakamwandikia Gavana Mkuu kudai ardhi yao. Waliowaunga mkono ikabidi waamue kama watang'ang'ania dai walilolizoea au watalifuata lililotamkwa na wenye shida. Mwandishi Frank Hardy, mkomunisti mzungu, aliombwa na Wagurindji aandike jina lao kwenye kibao cha kambi, naye akaliandika. Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari udongo kiganjani kama ishara ya kurudishwa kwa sehemu ya ardhi hiyo.

Ukirudi kwenye kikundi chako, uliza kibao gani mmeombwa kuandika, na nani aliyewaomba. Wala usidhani kwamba kuwasikiliza wenyeji kutakuondolea kazi ya kufikiri: katika kura ya maoni ya Oktoba 2023, kuhusu chombo cha kuwawakilisha kwa Bunge, wapo viongozi wa Kiaborijini waliokipigania na wapo waliokikataa wakitaka mkataba na serikali kwanza.

SWALI: Je, mlowezi halisi, aliyezaliwa katika ukoo wa watawala, anaweza kuaminiwa katika mapambano? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Anaweza, ingawa historia inatuonya tusiwe wepesi. Mwaka 1922 wachimba migodi wazungu wa Afrika Kusini waligoma wakibeba bango lililowataka wafanyakazi wa dunia waungane kupigania Afrika Kusini ya Wazungu. Kwa upande mwingine yupo Bram Fischer, Kaburu ambaye babu yake alikuwa waziri mkuu wa koloni la Orange River. Aliongoza mawakili waliomtetea Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, akaingia mafichoni, akafungwa maisha mwaka 1966, na akafariki mwaka 1975 akiwa bado anahesabiwa kuwa mfungwa. ANC haikufungua milango ya uanachama kwa Wazungu kama yeye hadi mkutano wake wa Morogoro wa mwaka 1969, na siku hiyo Fischer alikuwa na miaka mitatu gerezani.