Kidirisha cha bei kinafunika Excel

SWALI: Shikamoo dada. Nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, na usiku najifunza C#. Nimetengeneza kidirisha cha bei chenye upana wa pikseli 220, kikae kulia mwa skrini wakati mdogo wangu anaandika mauzo kwenye Excel. Nimeweka TopMost = true. Kinakaa, ila kinaziba X ya Excel, na dogo kila mara anakisogeza. Nifanyeje Excel ikipishe yenyewe?
Kijana wa Mbuyuni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dogo hana kosa. TopMost inaomba kukaa juu ya wengine tu, haiombi kiwanja. Ule upau wa chini wenye kitufe cha Start hauzibi mtu kwa sababu eneo lake limetengwa, na programu yako nayo inaweza kutengewa. Kazi hiyo inafanywa na SHAppBarMessage iliyomo kwenye shell32.dll, ipo tangu Windows 95. Utaiita kwa DllImport, njia ya C# ya kuita kazi zilizomo ndani ya Windows.

Jiandikishe kwanza kwa ABM_NEW. Halafu tuma ABM_QUERYPOS ukitaja ukingo (kulia ni 2) na mstatili unaoutaka. Kwa skrini ya 1366 kwa 768, ni kuanzia 1146 hadi 1366. Windows itakurudishia mstatili uliorekebishwa, mathalani chini uishie 728 kama upau umechukua pikseli 40. Wengi huteleza hapa: kulia kukiwa na upau mwingine uliokwisha kutengewa eneo, inasogezwa namba ya kulia peke yake, ya kushoto inabaki palepale, na kidirisha kinakonda kama fito. Chukua namba mpya ya kulia, toa 220 mwenyewe, ndipo utume ABM_SETPOS. Kisha kipeleke kidirisha pale ulipokubaliwa, siyo pale ulipoomba. Ondoa na fremu yake: FormBorderStyle.None.

Ukipokea ABN_POSCHANGED, taarifa ya Windows kwamba nafasi zimebadilika, rudia hesabu hiyo, maana kuna mtu kahamisha upau.

Sasa ABM_REMOVE, ujumbe wa kurudisha eneo ulilotengewa. Iweke kwenye FormClosing (tukio la kidirisha kufungwa) leo hii, kabla hujaendelea na kingine. Mimi niliichelewesha nikiwa kwa mteja Kijenge, hapa Arusha. Kila nikijaribu programu nilikuwa naizima kwa kitufe cha Stop cha Visual Studio, ambacho kinaiua bila kuaga. Kila mara ukabaki utepe mtupu kulia. Mara ya nne Excel ilikuwa imebanwa nusu skrini, na mama mwenye duka ananiuliza kama nimemvunjia kioo! Niliponea kwenye Task Manager: bofya Windows Explorer, kisha Restart. Tepe zote zikaondoka. Tangu siku hiyo nikijaribu nafunga kwa Alt+F4.

Ukija kuhamia WPF, mfumo mwingine wa kutengeneza madirisha kwa C#, angalia ukuzaji wa skrini. Kwenye asilimia 125, 220 yako ni pikseli 275, na SHAppBarMessage inahesabu pikseli.