Kwa wanaoanza kusoma Homer: mtazame mgeni akiwa bado mlangoni

Ukianza kusoma Iliad na Odyssey, tendi za Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, mapema sana utaambiwa kwamba Zeus, mkuu wa miungu, ndiye mlinzi wa wageni, na kwamba anayemdhulumu mgeni huadhibiwa. Ni kweli, kauli hiyo imo humo na inarudiwarudiwa. Lakini nimesahihisha insha nyingi zilizokwama papo hapo: mwandishi anawapanga wenyeji wema upande huu na wabaya upande ule, kisha anamgawia kila mmoja thawabu au adhabu yake. Insha ya namna hiyo inaandikika bila kufungua kitabu. Ninachotaka ulishike tangu mwanzo ni kwamba katika tendi hizi kumpokea mgeni ni jambo la nguvu: nani anaumiliki mlango, nani anaweza kuondoka akitaka, nani yuko nyuma ya nani. Adhabu ya miungu nayo hufuata njia hizohizo.

Kwanza ujue desturi yenyewe ilivyo. Soma kitabu cha 1 cha Odyssey polepole. Mungu wa kike Athena amekuja kisiwa cha Ithaca, nyumbani kwa Odysseus ambaye bado hajarudi kutoka vita vya Troy, kwa sura ya mwanamume aitwaye Mentes, naye amesimama langoni. Waposaji wa Penelope, mke wa Odysseus, wanacheza kete, wamekalia ngozi za ng'ombe waliowachinja wenyewe katika nyumba isiyo yao. Telemachus, mwana wa Odysseus, ndiye anayemwona, na anaona haya kwamba mgeni amesimamishwa mlangoni. Anamshika mkono wa kulia, anampokea mkuki, anampa kiti, anawekewa maji ya kunawa, mkate, nyama na divai. Akishashiba ndipo anaulizwa jina na kwao. Chakula hutangulia maswali. Mfalme Nestor kule Pylos, Telemachus anapomtembelea katika kitabu cha 3, anafanya vivyo hivyo, na swali lake baada ya mlo ni kama wageni hawa ni wafanyabiashara au maharamia. Yaani amelisha watu ambao huenda ni wanyang'anyi, na hajali kujua mpaka wale kwanza.

Msomaji wa Kiswahili haya hayamtatizi, maji ya kunawa na chakula kabla ya mazungumzo tumeyakuta nyumbani. Lakini hapo hapo jihadhari. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na methali hiyo inamchukulia mwenyeji kuwa mtu mwenye uwezo wa kutoa hilo jembe. Telemachus hana. Baba hayupo, yeye bado kijana, na waposaji kwa hesabu anayoitoa mwenyewe katika kitabu cha 16 ni 108. Wamekula mali yake zaidi ya miaka 3. Anapoitisha baraza katika kitabu cha 2 na kulia mbele ya watu, hakuna anayewatoa. Usimpime kama mwenyeji mzuri au mbaya kabla hujauliza kama ni mwenyeji kweli.

Sasa nenda kitabu cha 9, kwa Polyphemus, mmoja wa Cyclopes, majitu yenye jicho moja. Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wengi hupitia haraka: jitu lilikula wageni, likatobolewa jicho, haki imetendeka. Fungua tena. Odysseus na wenzake 12 wameingia pangoni mwenyewe hayupo. Wenzake wanamsihi wachukue jibini na wanambuzi waondoke. Anakataa, anataka amwone mwenye pango na kuona kama atampa zawadi za mgeni. Wanawasha moto, wanakula jibini ya mtu, wanamngoja ndani. Polyphemus anaporudi na kuwaona, anawauliza kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, aliyoyatumia Nestor: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mko kwenye biashara au ni maharamia? Tofauti ni kwamba Nestor aliuliza baada ya kulisha. Linganisha 3.71 na 9.252 (yaani kitabu cha 3, mshororo wa 71, na kitabu cha 9, mshororo wa 252) na uviweke vipande hivyo pamoja daftarini mwako. Somo zima la desturi limo humo.

Odysseus anamtajia Zeus mlinzi wa wageni. Jibu analopata ni la mwenye nguvu: sisi Cyclopes hatumjali Zeus, kwa kuwa tuna nguvu kuliko miungu. Anakula watu 6, wawili wawili, na zawadi anayomwahidi mgeni wake ni kumla wa mwisho. Baadaye, Odysseus akiwa chomboni, anamtangazia kwamba Zeus na miungu wengine wamemlipiza. Wanafunzi hunukuu hapo na kufunga hoja. Endelea na mishororo michache tu. Polyphemus anamwomba baba yake, Poseidon, mungu wa bahari, kwamba Odysseus asifike kwao, au kama lazima afike, afike kwa kuchelewa, wenzake wamekufa wote, kwa chombo cha watu wengine, akute matata nyumbani. Dua hiyo inapokelewa, na kila neno lake linatimia. Na Odysseus anapomchinjia Zeus kondoo dume aliyemtoa pangoni, Zeus haipokei sadaka. Mla wageni amesikilizwa na baba yake. Aliyelitaja jina la mlinzi wa wageni hakusikilizwa. Usiifiche mishororo hiyo kwa sababu inaharibu mpango wa insha yako.

Angalia pia nani anasimulia. Kisa chote hiki kinasimuliwa na Odysseus akiwa mgeni wa Alcinous, mfalme wa Phaeacians, ambaye ndiye atakayempa chombo cha kumrudisha kwao. Ni mtu asiye na kitu, anawasimulia wenyeji wake habari ya mwenyeji mbaya kuliko wote. Tena Phaeacians wenyewe waliwahi kuishi jirani na Cyclopes wakawa wananyang'anywa, hadi wakahama. Kitabu cha 6 kinalisema hilo mwanzoni kabisa. Kila mara mhusika anapotamka kwamba miungu imeadhibu, andika pembeni jina la msemaji na anayeambiwa. Tabia hii ndogo imewasaidia wanafunzi wangu kuliko nadharia yoyote niliyowahi kuwafundisha.

Kwenye Iliad, utendi wa vita vya Troy, anza na kitabu cha 6, na usikiache mpaka umeviona visa viwili vyake kwa pamoja. Karibu na mwanzo Diomedes, shujaa wa Wagiriki, anamuua Axylus wa upande wa Troy, mtu tajiri wa mji wa Arisbe aliyejenga kando ya barabara na kuwakaribisha watu wote. Mshairi anasema wazi kwamba siku ile hakuna hata mmoja wa wale wageni aliyesimama mbele yake kumkinga. Kitabu hakijaisha, Diomedes huyohuyo anakutana na Glaucus, naye pia wa upande wa Troy, wanagundua kwamba babu zao walikuwa wenyeji na wageni wao kwa wao, kwani Oeneus alimweka Bellerophon nyumbani kwake siku 20, basi wanashuka magarini, wanashikana mikono na kubadilishana deraya. Glaucus anatoa ya dhahabu yenye thamani ya ng'ombe 100 na kupokea ya shaba yenye thamani ya ng'ombe 9. Aliyewakaribisha watu wote hakuwa na mkataba na mtu yeyote mwenye nguvu. Aliyeokoka aliokolewa na nasaba. Ukimsoma Glaucus bila Axylus utaandika kwamba ukarimu huokoa maisha, na utakuwa umesoma nusu.

Halafu upinde. Mwanzoni mwa kitabu cha 21 Penelope anautoa upinde utakaowaua waposaji, na mshairi anatua kidogo ili atueleze ulikotoka: ulikuwa zawadi ya ugeni kutoka kwa Iphitus. Huyo Iphitus alikwenda kwa shujaa Heracles kuulizia farasi wake majike waliopotea, na Heracles akamuua akiwa mgeni nyumbani mwake, bila kujali miungu wala meza aliyomwandalia, akabaki na farasi. Tafuta adhabu ya Heracles katika Odyssey, hutaiona. Katika kitabu cha 11 kivuli chake kiko kuzimu, lakini yeye mwenyewe, tunaambiwa, anakula karamu pamoja na miungu. Mwana wa Zeus.

Ukishaona hilo, mauaji ya waposaji katika kitabu cha 22, Odysseus akiwa amerudi kwake kwa sura ya ombaomba, hayatasomeka tena kirahisi. Waposaji wamekosa, sina shaka. Antinous amemtupia ombaomba kigoda, Ctesippus amemrushia ukwato wa ng'ombe na kuuita zawadi ya mgeni. Lakini Athena anapomwambia Odysseus apite akiomba mkate ili ajue nani mwema na nani mwovu, mshairi anaongeza kwamba hata hivyo hakukusudia kumwokoa yeyote. Amphinomus, mposaji aliyempa mkate na kikombe kwa maneno mazuri, alionywa, moyo wake ukaingiwa na hofu, na bado Athena alikwisha mfunga pale afe kwa mkuki wa Telemachus. Wajakazi 12 walionyongwa baadaye hawakuwa wageni wala wenyeji. Nguvu ya kumfungia mtu mlango hawakuwahi kuwa nayo.

Phaeacians ndio swali gumu kuliko yote, na ningefurahi ukilichagua kwa insha yako ya kwanza. Hao wamefanya kila kitu ipasavyo, wakamfikisha Odysseus kwao, ingawa Alcinous alisema waziwazi kwamba gharama ya zawadi wataifidia kwa kukusanya kwa watu wao. Malipo yao ni chombo chao kugeuzwa jiwe karibu na nchi kavu, na anayependekeza njia hiyo kwa Poseidon ni Zeus. Zeus hajasahau wageni, amepima heshima ya Poseidon, ndugu yake.

Kwa juma la kwanza soma Odyssey 1, 3, 9 na 13, pamoja na Iliad 6, katika tafsiri yenye namba za mishororo pembeni. Juma la pili 17 hadi 22 bila kuruka. Circe na Aeolus, wenyeji wengine wa Odysseus, utawarudia ukishaizoea njia.