Shingo, mabega na ganzi ya vidole mimba ikishakuwa kubwa: leo nawajibu

Wiki hii maswali karibu yote ni ya mabega na mikono, sijui mmeambiana, haya ngoja niyajibu moja moja. Kwa wageni: mie nesi mkunga mstaafu, nipo hapa hapa Tanga, na nimebeba mimba nne mwenyewe, kwa hiyo mengine nayajibu kwa nilichosomea na mengine kwa bega langu.

Shikamoo mama. Mimba ina miezi minane, usiku naamka vidole vina ganzi kama si vyangu, asubuhi nikikuna nazi ndo balaa. Mama mkwe anasema damu imepungua. Nipo Makorora.

Marahaba mwanangu. Leo ukiamka saa tisa usiku usikimbilie kukung'uta mkono (najua unaukung'uta kama umetoka kunawa, wote tunafanya hivyo), kwanza gusa kidole kimoja kimoja. Kama ganzi iko dole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, ila kile kidogo cha mwisho kipo kizima kama hakihusiki na ugomvi, basi shida ipo kwenye kifundo cha mkono. Pale ndani kuna kinjia chembamba, zinapita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, na huo mshipa ndo unaohudumia hivyo vidole nilivyokutajia. Mimba ikikua mwili unatunza maji, kile kinjia kinajaa, mshipa unabanwa. Usiku unazidi kwa sababu tunalala tumekunja mkono chini ya shavu bila kujijua.

Dawa yake kubwa ni kuunyoosha mkono usiku. Maduka ya dawa makubwa yana vile vifaa vya kufunga kifundo, na kama hela hamna kata kipande cha boksi gumu urefu wa kuanzia katikati ya kiganja hadi katikati ya mkono wa chini, kiweke upande wa ndani, zungushia bendeji ya kuvutika au kitambaa cha khanga kuukuu, usikaze, vidole vikibadilika rangi umekaza. Utaona tofauti baada ya siku chache. Nazi mwachie mtu mwingine, maana ile mbuzi inakukunja kifundo, inakuinamisha shingo na inakukalisha chini na tumbo lako lote hilo, vitu vitatu kwa mpigo.

Damu usiidharau lakini, hiyo inapimwa kliniki kwenye kidole dakika chache tu, na vidonge vya kuongeza damu endelea navyo. Ila ganzi inayochagua vidole siyo tabia ya damu kupungua, mwambie mama mkwe kwa adabu. Wengi inawaacha wiki chache baada ya kujifungua. Ukiona unaangusha vikombe, au dole gumba halina nguvu kabisa hata kufunga kifungo, usisubiri kujifungua, mwoneshe daktari.

Mie fundi cherehani Ngamiani, wiki ya 33. Shingo na mabega yanawaka moto jioni. Ni kawaida?

Kwa fundi mwenye tumbo ni kawaida, ila haimaanishi uvumilie. Matiti yameongezeka uzito yanavuta mabega mbele, tumbo limekusogeza mbali na meza, kwa hiyo kushona unainamia kitambaa kwa shingo tupu. Juu ya hapo homoni za mimba zinalegeza viungo, misuli inafanya kazi ya ziada kukushikilia. Pandisha kiti kwa mto mgumu mpaka viwiko viwe usawa wa meza, kaa umeegemea, na kila nusu saa simama, zungusha mabega kwenda nyuma mara kumi, kisha yabane kwa nyuma kama unataka yagusane, hesabu tano, achia. Wateja watasubiri, nguo ya harusi haijawahi kufa.

Halafu angalia sidiria! Wengi wenu mnavaa ile ile ya kabla ya mimba, kamba imechora mfereji begani. Tafuta ya kamba pana isiyo na waya. Jioni kitambaa cha maji ya vuguvugu begani dakika kumi na tano, vuguvugu nimesema, siyo ya kuunguza.

Nimenunua diklofenaki duka la dawa, muuzaji kasema haina shida. Nina miezi saba.

Ina shida. Weka chini. Diklofenaki, Brufen na jamaa zao kuanzia wiki ya 20 zinaweza kusumbua figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na mimba ikifika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao unatakiwa uwe wazi mpaka azaliwe. Hata jeli za kuchua nyingi zina hiyo hiyo diklofenaki ndani, soma boksi. Cha kumeza ni parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, usirudie kabla ya masaa sita, kwa siku chache tu, na ukiona unaihitaji kila siku uje uonwe. Ila ile aspirini ndogo ambayo daktari amekuandikia mwenyewe kwa ajili ya presha hiyo ni kesi nyingine, usiiache kwa sababu yangu.

Bega la kulia linauma tangu jana, na chini ya mbavu kulia, kichwa nacho. Nimepaka dawa ya kuchua haisikii. Wiki 35.

Huyu nimemjibu pembeni kabla ya kuandika haya, ila naweka hapa wengine msome. Dada, hilo siyo la kuchua. Ini likivimba kwa sababu ya kifafa cha mimba kinachonyemelea, maumivu yake yanaweza kujitokeza begani wakati bega lenyewe halina kosa. Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, hata kimoja tu, unapanda bajaji sasa hivi, hospitali ya Bombo au kituo chochote kilicho karibu, kadi ya kliniki mkononi, upimwe presha na mkojo. Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu kwa mjamzito haisubiri kesho. Na kuna mwili unaosema najisikia sawa tu kumbe presha ipo juu.

Kifua kubana na maumivu kushuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, pumzi kukata, au mkono mmoja kuvimba na kubadilika rangi: safari ni hiyo hiyo.

Nilale upande gani, maana kila bega nikililalia linauma.

Ubavu, wowote, kushoto tunakupenda zaidi lakini kulia siyo dhambi. Kuanzia wiki ya 28 usianze usingizi chali. Ukizinduka upo chali geuka tu, usianze kutoa machozi. Mto wa kichwa ujaze nafasi yote ya kati ya bega na sikio, mwingine ukumbatie ili mkono wa juu usining'inie. Bega la chini livute mbele kidogo usililalie lote.

Mama shikamoo, mimi mume. Naruhusiwa kumkanda mke wangu?

Marahaba baba, Mungu akuzidishie. Mkande, mafuta ya nazi yanatosha, yeye akae ameinamia mto uliowekwa mezani, wewe nyuma yake, viganja taratibu toka shingoni kuja begani, usibonyeze uti wa mgongo. Tumbo usiliguse, na kama ana mguu mmoja umevimba unauma usiukande kabisa, hospitali. Kama umekaa Makorora na mkeo ana ganzi ya vidole, basi swali la kwanza nadhani ni la nyumba yako, na nazi za futari uzikune wewe.