Ritalin na ini la mtoto: kwa dada wa Mbagala

Dada ameuliza kama kidonge cha ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) alichoandikiwa mwanawe kitamharibu ini, maana jirani amemtia hofu. Kijana wangu anatumia methylphenidate, yaani Ritalin, tangu darasa la tatu, kwa hiyo nijibu kwa kirefu.

Hofu hiyo ina chanzo. Ritalin ni kichangamshi, yaani dawa inayoamsha ubongo. Kulikuwa na kichangamshi kingine, pemoline, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1975. Kiliua ini la baadhi ya watoto, wengine wakalazimika kupandikizwa, wengine wakafariki. Uingereza walikiondoa 1997, Marekani 2005. Methylphenidate siyo hiyo. Ini ndilo linaloivunjavunja, kweli, lakini kuliumiza ni nadra sana, ndiyo maana kwa mtoto mwenye afya madaktari hawapimi ini kila mara. Wanaangalia uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo. Atomoxetine, ambayo si kichangamshi ingawa inatibu tatizo hilohilo, ndiyo iliyowekewa onyo la ini mwaka 2004, kwa hiyo soma vizuri jina kwenye boksi.

Sisi kuna wakati vipimo vilionyesha vimeng'enya vya ini (kemikali zinazoongezeka kwenye damu ini likiumia) vimepanda. Daktari hakukimbilia kulaumu kidonge. Alimgeukia bibi yake mtoto: "Mama, nyumbani anakunywa nini kingine?" Ndipo ikatajwa mitishamba ya kusafisha damu, ya kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, iliyonunuliwa Kariakoo. Pia panadol karibu kila siku, kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma (Ritalin huleta hivyo kwa baadhi yao). Tukaambiwa tuache vyote viwili, Ritalin iendelee. Kipimo kilichofuata kilikuwa kizuri.

Kwa hiyo dada, mimi ningehangaika zaidi na vile vinavyoandamana na kidonge. Panadol ikizidi kipimo inaua ini. Dawa za TB nazo zinaweza kuliumiza. Angalia pia kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya homa ya ini B.

Macho mtazame mchana, karibu na dirisha, kwa sababu taa ya njano inadanganya. Yakiwa manjano, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au akijikuna mwili mzima, au akilalamika chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wanachuo mnaonunua vidonge vya wenzenu mkeshe na mtihani, hayo ni mambo mengine kabisa. Amfetamini, kichangamshi kingine cha ADHD, ikiwa nyingi hupandisha joto la mwili hadi ini na figo vikaungua, na mkiongeza pombe, ini hutengeneza kemikali nyingine ya kusisimua kutokana na Ritalin.

Dada, usiikatishe dawa kwa maneno ya jirani. Siku ya kliniki tia kwenye mfuko kila anachokunywa mtoto, hata kile ulichoambiwa usimtajie daktari.