Warsha za maonyesho si za wasanii pekee

Dada, umeuliza kama warsha zinazoambatana na maonyesho ya sanaa ya kisasa hapa Mtwara ni za wasanii pekee. La hasha, kwa kawaida huandaliwa kwa ajili ya umma, watoto wakiwemo. Mtu anayeitazama sanamu ya shetani ya Kimakonde (yaani ya mtindo wa kuchonga maumbo ya mizimu) ikiwa mezani huweza kudhani imepakwa rangi, lakini akishika tezo mwenyewe warshani na kuchonga kipande cha mpingo, ataona tabaka la nje lenye weupe likibanduka na kiini cheusi kikijitokeza (vaa nguo usizozionea huruma, maana vumbi lake halichagui). Mazungumzo na wasanii nayo yapo, ingawa binafsi ningeanza na kuchonga, ndipo niulize maswali.